Mshale Usiotulia

Mshale wa joto wa gari ulianza uhuni wake tulipoipa Rangwi kisogo. Unapanda mpaka kwenye nyekundu, na moyo wangu nao unapanda, halafu unalala chini kana kwamba injini haijawashwa tangu jana. Mara juu tena. Niliutukana kimoyomoyo, maana nyuma yangu alilala Mwajuma, siku ya pili ya uchungu, mtoto amekaa vibaya. Mkunga wa kwetu Mtae alishanawa mikono, akasema tumpeleke hospitali. Lushoto kwenye hospitali bado mbali, na kijiji kizima kina gari hilo moja tu, Landrova kuukuu iliyoachwa na mlowezi baada ya Azimio.

Rajabu, mumewe, alimpakata kichwa. Bi Mariamu, mama wa Mwajuma, alikuwa anasoma dua. Kila nikipunguza mwendo Rajabu ananiuliza kuna nini, nami namjibu kwa ukali akae na mkewe aniachie gari. Ndivyo nilivyo, nikiogopa nafoka.

Hapo nina mawili. Kama mshale unadanganya, nikisimama nitamuua Mwajuma bure. Kama unasema kweli, nisiposimama injini itakufa kwenye mlima wa Lukozi, na huko nani atatuokoa? Nikasimama penye kijito.

Nikaanza na waya. Nikauchomoa kwenye injini, mshale ukaanguka. Nikaugusisha kwenye chuma, mshale ukapanda mpaka mwisho. Basi waya mzima na mshale mzima. Nikashika mpira wa juu wa rejeta, ukaniunguza. Nikashika wa chini, baridi. Maji hayazunguki. Kuna kitu kimeziba njia, kikiachia kidogo mshale unashuka, kikibana unapanda. Kumbe masikini ulikuwa unasema kweli muda wote.

Mwajuma alilia, sauti imemkauka. Nikazungushia mkono kitambaa, nikalegeza kifuniko cha rejeta taratibu mpaka mvuke ukaisha. Kilichotoka nyuma yake kilikuwa uji. Naam, uji wa mahindi, mzito, unatokota.

Nikafoka, ni hayawani gani aliyepika kwenye rejeta. Rajabu akashuka, uso umemparama. Akaeleza kwamba rejeta inavuja, wote wanajua, na kila mwenye zamu ya kulinda gari usiku hutia kiganja cha unga kuziba tundu. Si gari letu sote? Zamu yake ilikuwa juzi, na kwa kuwa mkewe alishakaribia kujifungua, yeye akatia kibaba kizima. Wote walitaka wema, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Ilibidi injini ipoe kwanza, la sivyo maji ya baridi yangeipasua. Sijawahi kungoja kitu kigumu vile. Kisha nikafungua themostati, kile kilango cha kupitisha maji, nikakikuta kimegandwa na donge. Nikakitupa porini. Rajabu akawa anachota maji kijitoni kwa ndoo, anakimbia, anaanguka, anainuka, na mimi namwaga na kujaza mpaka yakatoka safi. Ilituchukua saa nzima.

Kutoka hapo mshale ulitulia katikati. Niliendesha kwa kasi ambayo sitaki hata kuikumbuka.

Mwajuma alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa amekwisha fariki. Mganga wa hospitali hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba tungewahi kwa saa moja, huenda angekuwa hai.

Rajabu alinikuta nje nimekaa chini, nimeegemea gurudumu. Hakuwa analia. Akaniuliza, “Kaka Hezekia, ni unga wangu uliomuua mwanangu?”

Ningeweza kumjibu gari limezeeka, au ni mapenzi ya Mungu, naye angepokea. Lakini aliniangalia usoni, nikaona aibu.

“Mwaka jana rejeta ilipotoboka,” nikasema, “mlinizunguka wote pale uwanjani mkiangalia ninavyoziba. Unga wa kwanza niliutia mimi, Rajabu. Ni mimi niliyewaambia ni dawa.”

Nilitamani anipige. Akakaa chini kando yangu, tukangoja waje watukabidhi mtoto.