Rangi ya Bitiruti

Faili lilipomfikia, mkaguzi wa vyakula alilifungua kwa uvivu, maana ilikuwa Ijumaa na chai yake ilikuwa inapoa. Kampuni moja iliomba ruhusa: rangi ya bitiruti, iliyokuwa halali kwenye mtindi tu, sasa itiwe kwenye keki. Wataalamu walishaipitisha, ilibaki sahihi yake.

Akacheka peke yake. Harufu ya jiko la marehemu mama yake ikamjia puani: bitiruti zikitokota, krimu ya keki ikigeuka rangi ya waridi, naye akipewa mwiko alambe. Mtaa mzima ulikuwa ukiagiza keki zile, hadi siku bwana afya alipokuja akamwaga bakuli zima uani.

"Mama, rangi hii hairuhusiwi kwenye keki," bwana afya alisema.

"Mtairuhusu nikishazikwa," mama alimjibu, mikono kiunoni.

Karani alichungulia mlangoni. "Bosi, umepitisha?"

"Nimepitisha. Ila wamekosea mahali."

Alitia sahihi, kisha akarudi juu kabisa ya fomu, palipoandikwa "Ombi la Matumizi Mapya", akalikata neno la mwisho kwa wino mwekundu.