Kamba Viunoni mwa Fisi

Katika nchi ya Masizini fisi walitawala, mbwa walifungwa kamba, na hali hiyo iliitwa amani. Kila mwaka, Siku ya Kiti, Mfalme Fisi na mawaziri wake walitembea kutoka ikulu hadi mtoni, kila mmoja na mbwa wake, ili nchi ione jinsi wanyonge walivyoridhika. Shida ni kwamba mbwa walivuta. Mwaka uliopita walimburura Waziri wa Chakula hadi topeni, kitambi juu, na nchi nzima ikacheka.

Mfalme akamwita barazani Koko, mbwa jike aliyelinda lango la ikulu.

"Utawafundisha wenzako kutembea kwa adabu," alisema. "Wanao wawili watakaa kwangu, wasikusumbue kazini."

Koko alielewa. Akaufyata mkia.

"Kazi yenyewe si ngumu, Mtukufu. Kamba ikikaza, mbwa anasimama. Ikilegea, anapewa kipande cha nyama, safari inaendelea. Ila hiyo nyama..."

"Nyama!" Waziri wa Chakula alisonya. "Tukiwapa nyama leo, kesho watadai viti."

"Basi hata mifupa, Mheshimiwa."

"Mifupa tunakula sisi," alisema Mfalme, na baraza likapiga makofi.

Mbwa wakafundishwa kwa njaa. Siku ya majaribio mbwa mmoja kijana aliona panya, akavuta. Jioni hiyohiyo Mfalme alimla mtoto mmoja wa Koko, akampelekea mama ngozi, eti kumbukumbu.

Koko hakulia mbele yao. Aliwachukia, akawachukia hadi maziwa yakamkauka. Lakini mtoto mmoja alikuwa amebaki, kwa hiyo akarudi uwanjani na kufundisha kwa ukali ambao hata yeye hakuujua. "Kamba ikikaza, simama! Mbingu zianguke, wewe simama!"

Siku ya Kiti ikafika. Mawaziri walitaka mikono yote miwili iwe huru kuupungia umma, wakazifunga kamba viunoni, mafundo matatu matatu. Koko aliyatazama mafundo yale, moja moja. Yeye alifungwa kiunoni mwa Mfalme, na mtoto wake aliwekwa kikapuni mgongoni mwa huyohuyo Mfalme, mama amwone vizuri.

Mbwa walitembea vizuri ajabu. Kamba zililegea njia nzima, na Mfalme akatabasamu.

Walipokaribia mto, nyati wakatoka kwenye matete. Walikuwa wamefukuzwa pale ili fisi waoge peke yao, na hawakuwa wamesahau. Fisi waligeuka mbio. Kamba arobaini zikakaza. Mbwa arobaini wakasimama.

"Kimbieni, wapumbavu!" alifoka Waziri wa Chakula, akaanguka wa kwanza, kama kawaida yake.

Mfalme naye alivutwa nyuma na kiuno chake mwenyewe, akalala chali, kikapu kikabiringika. Koko alimshika mtoto kwa ukosi, akamweka miguuni pake.

"Koko, mama, nisaidie! Tembea!"

"Kamba imekaza, Mtukufu."

Kwato zilikuwa karibu. Nyati hawakuwa na ugomvi na mbwa, lakini Koko hakutaka kungoja. Aligeuka, akaiuma kamba. Ilikatika kwa mara moja tu.

Akabaki ameduwaa, uzi wa kamba ukining'inia mdomoni. Meno hayo alikuwa nayo siku zote, hata siku ile alipoletewa ngozi.