Mdomo wa Kambi

Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini hawakutuambia mjumbe analala wapi akishamaliza kusema. Clémentine alilala na hao hao aliowapelekea ujumbe, hema la tatu kutoka kwenye bomba la maji, yeye na binti yake Inès wa miaka tisa, pamoja na Mwanaasha wa Tanga, mwanamke aliyekoroma kana kwamba hana shida yoyote duniani.

Ilikuwa Julai ya mwaka 2008. Mwezi wa Mei wao na wageni wenzao walifukuzwa mtaa wa Jeppestown na watu wenye mapanga na viberiti, na serikali ikawapanga kwenye uwanja wa nyasi kavu kusini mwa Johannesburg. Clémentine alikuwa msusi. Kiti chake, kioo, vitana na mafungu ya nywele za bandia, vyote viliteketea. Lugha hazikuungua: Kirundi cha nyumbani, Kifaransa cha shule, Kiswahili cha njiani, Kizulu cha wateja na Kiingereza cha kila mwenye mamlaka. Maafisa walipokuja wakauliza nani awatafsirie, watu wenyewe ndio waliomsukuma mbele, tena kwa fahari.

Wiki sita baadaye alikuwa amechoka mpaka ulimi. Mama Inès, mwambie daktari. Mama Inès, waulize mablanketi yako wapi. Alitafsiri kuhara, alitafsiri ubakaji, alitafsiri ugomvi wa sufuria moja ya pap, ugali wa huko, iliyoungua. Ukiwa mdomo wa watu elfu, hakuna anayekumbuka kwamba una tumbo.

Aliyemchunga kwa jicho kali ni Théodore, kiongozi wa wanaume wa kambi. Huyo alifundisha historia Bujumbura kabla ya vita kumleta kulinda magari mtaa wa Marshalltown, Johannesburg, na ualimu haukumtoka.

"Huko Meksiko," alimwambia siku moja kwenye foleni ya maji, "Wahispania walipoingia walikuwa na mwanamke wa nchi ile ile akiwatafsiria. Walipewa mwanamke huyo kama zawadi, mtumwa, kama unavyopewa kuku. Bila mdomo wake wasingefika popote. Karibu miaka mia tano sasa, na watu wake bado wanamlaani."

"Na kuna aliyemuuliza kama amechoka?" alisema Clémentine.

"Historia haiulizi hivyo, Mama Inès."

"Basi ndiyo maana sikuipenda shuleni." Akainua ndoo yake akaondoka, lakini maneno yale yalimwingia, na usiku hakupata usingizi.

Kisha yakaja mambo ya orodha. Afisa mmoja mnene, Bwana Dube, alifika na meza na karatasi. Alitaka kila mtu aandike jina, nchi na sahihi. Watu waligoma. Waliotoka Burundi na Kongo wanajua orodha huwa zinafanya kazi gani. Bwana Dube akasimama juu ya kreti akaahidi kwamba hakuna atakayehamishwa kwa nguvu kabla ya Septemba. Clémentine akalitafsiri hilo kwa Kirundi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Hakuna aliyeisogelea meza.

Hapo akainuka Spès, bibi wa Kirundi ambaye moto wa Mei ulimchoma mguu.

"Huyo bwana simjui," alisema. "Wewe nakujua, umenisuka miaka minne. Wewe mwenyewe unaamini?"

Mkalimani hana kuamini. Clémentine alilijua hilo, na jibu sahihi alikuwa nalo: mimi nasema yake tu, bibi, amueni wenyewe. Lakini alikuwa amesimama kwenye baridi tangu alfajiri bila kutia kitu kinywani, na Inès alikuwa na homa hemani. Alitaka mkutano uishe. Aliitikia kwa kichwa.

Mara moja tu, kidogo. Spès akachechemea mpaka mezani akaweka dole gumba, na nyuma yake foleni ikajipanga mpaka kwenye vyoo. Hata Théodore alitia sahihi.

Siku tisa baadaye yalikuja malori.

Bwana Dube hakuwepo. Walisema amehamishiwa kwingine. Alikuja afisa mwingine, kijana mwenye koti zuri, na polisi, na ile orodha mkononi. Waliosaini walikuwa wakiitwa jina kwa jina na kupelekwa kwenye kituo cha kufungia wageni. Kabla ya kuanza, alimwita Clémentine kando ya uzio.

"Wewe na mtoto hampandi," alimwambia kwa Kiingereza. "Kuna chumba mjini, mtaa wa Doornfontein. Jumatatu unaanza kazi ofisini kwetu."

Clémentine alifurahi, tusimsingizie utakatifu. Aliona mlango wenye kufuli, kitanda, na Inès amevaa sare ya shule. Kisha aibu ikaja nyuma ya furaha hiyo kama mtu aliyechelewa basi.

Majina yakaanza kusomwa. Watu wakapiga kelele: tuliahidiwa Septemba! Wengi wao Kiingereza chao kilikuwa cha bei na salamu, basi walimpigia kelele yeye.

"Wanasema nini?" aliuliza afisa.

"Wanasema waliahidiwa."

"Waambie hakuna aliyewaahidi kitu. Waambie, kisha kachukue begi lako."

Clémentine akawageukia. Spès alikuwa mbele kabisa, ameegemea kifimbo, anamtazama kama alivyomtazama siku ile, akingoja kuambiwa. Sentensi ilikuwa fupi, ya kutafsirika hata usingizini. Ilikataa kutoka.

Akamgeukia afisa. "Waliahidiwa," alisema. "Na walipouliza kama ni kweli, niliyewaambia ndiyo ni mimi. Kwa hiyo siwezi kuwaambia hivyo."

"Nimekuomba utafsiri, sikukuomba maoni."

"Wiki sita nimesema ya kwenu na ya kwao. Hili ni langu. Ukitaka kuwaambia hakuna ahadi, jifunze Kirundi."

Waliendelea kubishana hivyo kwa dakika kadhaa, injini zikinguruma. Ng'ambo ya uzio hakuna aliyesikia neno. Waliona Clémentine akizungumza na mkubwa kwa mikono miwili, uso kwa uso, kama wanaopatana. Mtu mmoja akatema mate. "Anatumaliza," akasema mwingine.

Afisa akalifunga faili lake. "Sawa. Panda nao."

Alipanda akiwa amemshika Inès mkono. Ndani ya lori hakuna aliyewasogelea wala aliyewapisha, mpaka Mwanaasha alipovuta furushi lake, tena bila kumtazama. "Mkalishe mtoto, dada," alisema. "Mtoto hana kosa."

Théodore alikuwa amekaa mkabala nao, magoti yamekutana na yao. Akamwinamia Clémentine.

"Ulikuwa unamwambia nini yule?"

Ukimtoa Spès siku ile, tangu Mei hakuna aliyewahi kumuuliza maneno yake mwenyewe. Clémentine alihangaika kuyapata.

"Alitaka niwaambie hamkuahidiwa. Nikakataa. Nikamwambia ahadi ile ni yangu."

Kelele za lorini zilipungua. Spès aliinua uso. Théodore aliinamisha kichwa akakitafakari kile alichosikia, polepole, kama mwalimu mwenye daftari la mwanafunzi, na alipoinua uso hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Basi itimize, Mama Inès."

Polisi wakafunga mlango wa nyuma. Lori lilipoanza kujongea kuelekea barabarani, Clémentine alilia kwa sauti mbele yao wote, na hakuna aliyemwambia anyamaze.