Siku Niliyojificha Kwenye Unga

Nilisema mbele ya watu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aprili ya mwaka 1988, kwenye matanga fulani, dada yangu Nabalayo aliniuliza kama mwanawe Lusweti akija kwangu Agosti atampata dume. Wazee walikuwa wameketi hapo wanasikiliza. Nikasimama, nikajipiga kifua.

"Dume yuko zizini. Mwambie aje hata kesho!"

Kwetu Wabukusu kijana hatahiriwi hivi hivi tu. Siku moja kabla ya kisu anakwenda kwa mjomba wake, ndugu ya mama yake, akigonga kengele za chuma na watu wakiimba nyuma yake. Mjomba anachinja dume, anakata ukanda wa nyama ya kifuani, anamvalisha mpwa wake shingoni. Ukanda huo tunauita likhoni. Kijana akirudi kwa baba yake shingo tupu, kila anayemwona njiani anajua kwamba upande wa mama umemkataa. Na mjomba hana kisingizio, maana ng'ombe wa mahari ya huyo mama walikuja kwao. Mimi ng'ombe wa Nabalayo ndio niliowapeleka Cheptais kumwoa bibi yangu, Jerop.

Basi Julai nikampeleka yule dume soko la Chwele, nikamwuza, nikanunua mabati.

Mji wetu ni mdogo. Ni safu mbili za maduka kwenye daraja la mto Kuywa, na mtu akikohoa upande huu, upande ule wanampa pole. Nyumba yangu iko mlimani kidogo, ukisimama darajani unaiona yote. Kila mtu aliyepita aliliona paa langu la nyasi, na mimi nilikuwa nimechoka kuonwa hivyo. Nilijiambia Agosti ni mbali, nitapata dume mwingine.

Fundi alipokuwa juu anapigilia misumari, Jerop alisimama chini na mikono kiunoni.

"Baba Masibo, na Lusweti utamchinjia nini? Mabati?"

"Nitapata dume mwingine."

"Wapi?"

"Mama, si nimesema nitapata?"

Sikupata. Nikisema kweli, sikutafuta sana. Kila nikitazama lile paa linavyong'aa nilisahau.

Siku yenyewe ilipofika nilibeba debe la mahindi nikashuka kwa Balwant, mwenye mashine ya posho pale kando ya mto. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Nabalayo. Kabla sijapata hata moja nikasikia kengele ng'ambo ya daraja, na wimbo. Miguu ikanipeleka yenyewe mpaka stoo.

"Mukhisa, huko ni stoo," Balwant akasema.

"Nifiche kidogo, bana."

"Umeiba?"

"Hapana!"

Alitega sikio. Balwant alizaliwa hapo hapo, na Kibukusu alikisema kuliko polisi wetu wote.

"Hiyo si ni kijana ya Nabalayo? Si wewe ndiye mjomba?"

Nikavuta gunia moja kando.

"Wewe! Mimi ni Kalasinga, na hata mimi najua hii ni aibu. Kaa huko. Sitakutoa. Lakini mtu akiniuliza, sidanganyi."

Nikajipenyeza nyuma ya magunia. Balwant alizima mashine, kama alivyofanya kila mara kijana wa kutahiriwa alipopita, na baba yake kabla yake alifanya hivyo. Nikawasikia wakipita mlangoni, miguu mingi, filimbi, kengele. Wakapanda mlima kuelekea kwangu. Walipofika mbali akawasha tena, na sikusikia kitu kingine ila ule mngurumo. Unga ulikuwa unashuka kutoka kwenye boriti kama mvua nyepesi, unaniingia masikioni. Nilikuwa mtu wa miaka thelathini na minane, nina watoto wanne, nimechuchumaa kama kuku anayetaga. Niliwaza zizi langu tupu na Nabalayo amesimama mbele yake. Nilisubiri wateremke kimya.

Zilipita kama saa mbili hivi. Halafu Balwant akazima mashine tena.

Walikuwa wanaimba. Sikuelewa. Watu waliokosa likhoni hawaimbi hivyo. Nikasogea nichungulie kwenye ufa wa mbao, na unga ukanipanda puani. Nikapiga chafya. Nikapiga ya pili. Ya tatu nadhani waliisikia mpaka Chwele.

Wimbo ukakatika.

"Nani huyo ndani?" akauliza Nabalayo.

"Mwulize yeye mwenyewe," Balwant akasema.

Nikatoka. Sijui ningefanya nini kingine. Nilikuwa mweupe kuanzia nywele mpaka viatu. Kwanza hakuna aliyecheka. Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, "Ati mjomba amesagwa!" Wakaangua kicheko chote walichokuwa nacho, na mwimbishaji akalichukua hilo neno papo hapo, akalitia kwenye wimbo.

Lusweti hakucheka. Alikuwa amesimama mbele, kifua kimepakwa mavi ya tumboni mwa ng'ombe kama desturi, na shingoni mwake likhoni inaning'inia, bado mbichi. Nilitazama ile nyama. Karibu naye alikuwepo Issack, mwenye bucha, na kisu chake amekifunga kwenye gazeti. Yeye ndiye tuliyemwita kila mara nyama ikiwa ya mji mzima, ili na Waislamu wale.

"Issack," nikasema, "mmechinja nini?"

"Si yule Kitale," akajibu. Hakunitazama. "Bibi yako mwenyewe alimfungua kamba akatuletea. Mzee mmoja wa ukoo wenu ndiye alimvalisha kijana."

Kitale alikuwa ng'ombe wa Jerop, wa gredi, wa kizungu. Baba yake alimnunua kwenye shamba moja huko Kitale, akampa binti yake tulipopata mtoto wa kwanza. Hakuwa wangu. Alikuwa anakamuliwa, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa chai yetu, na mengine Jerop aliyapeleka kwenye hoteli ya Sharifo.

"Hata si dume," Nabalayo akasema. Alikuwa analia sasa. "Jike la maziwa, Mukhisa! Mtu wa kuolewa tu ndiye amesimama mahali pako."

Nikajipangusa unga mdomoni.

Ndipo Lusweti akagonga kengele zake mara moja na kuniinamishia kichwa, vile kijana anavyomwinamia mkubwa wake.

"Mjomba, asante kwa ng'ombe," akasema.

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisitiri au ananitukana. Nimeshindwa kumwuliza. Asubuhi iliyofuata walipompaka matope mtoni nilisimama darajani, mbali, nikarudi nyumbani kabla ya kisu. Niliambiwa alisimama kama mti.

Mwezi huo huo nilipanda juu ya nyumba mwenyewe, nikang'oa mabati, nikayauza yote yakiwa na matundu ya misumari. Nikarudisha nyasi. Nilikwenda Kitale, nikatafuta mtamba wa gredi, nikamleta kwa miguu siku mbili. Nilipomwingiza zizini Jerop alikuwa anafua.

"Huyo ng'ombe ni wa nani?"

"Wako."

"Wangu alichinjwa."

Lakini alinyanyuka, akamletea maji.

Ni miaka kumi sasa. Lusweti anafanya kazi Bungoma, ana mtoto wa kiume, na akipita hunisalimia kwa mikono miwili. Ule wimbo wa mjomba aliyesagwa bado wanauimba kila mwaka wa tohara, hata watoto ambao hawajui ni mimi.

Yule ng'ombe amezaa mara sita. Jerop humkamua kila asubuhi, na maziwa huyapeleka kwa Sharifo kama zamani. Watoto walitaka kumpa jina, akawakataza. Akimwita humwita "wewe." Wewe, sogea. Wewe, kunywa.

Na mimi, tangu siku ile, sijasikia tena akiniita Baba Masibo. Wewe, chakula tayari.