Kilio cha Kambere

Miaka saba nilishika mikro ya sauti kwenye filamu za Papa Grégoire, nikinasa vilio vya wengine. Siku mwigizaji wake alipougua, akanigeukia.

"Katungu, weye njo utakuwa mama ya marehemu. Lia tu."

Lia tu! Kana kwamba machozi ni maji ya bomba.

Tulikuwa tunapiga picha uani kwetu, Mugunga, na Mama alisimama mlangoni akitazama. Kaka yangu Kambere alipotea kwenye barabara ya Sake mwaka juzi. Mwili haukuonekana, kwa hiyo hatukukaa matanga. Kwetu, kulia ukitaja jina la mtu ni kumzika, na Mama alitukataza. Kila jioni bado anamwekea sahani ya bugali.

Kamera ikawaka. Nilipaswa kumlilia Benny, mtoto wa kwenye filamu. Nikafungua kinywa, likatoka jina la Kambere, nikaanguka nalo chini.

Nilipoinua kichwa, Mama alikuwa amevua kilemba, ameketi chini juu ya mawe meusi ya uani, na majirani wanaingia na viti vyao kukaa matanga.

"Muzuri sana!" Papa Grégoire akapiga makofi. "Turudilie mara moja tena."