Makochi ya Kamanda

Makochi ya ngozi yalipita juu ya kichwa changu, yakining'inia kwenye wavu chini ya helikopta, nailoni yaliyofungiwa ikipigapiga kwa upepo. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anga safi, hakuna wingu hata la kusingizia. Yalikuwa yanapelekwa nyumba ya mapumziko kileleni, kumpokea mgeni wa Kamanda.

Nilikuwa na miezi minne tangu nihitimu. Kazi yangu kwenye kambi ile ya jeshi la anga ilikuwa kupima upepo, joto na mawingu, kisha kuandika daftarini. Milimani hewa ni nyepesi. Helikopta hubeba mzigo wa maana alfajiri tu, kukiwa na baridi. Jua likipanda, inaishiwa nguvu. Kila siku, basi, safari ya uhakika ilikuwa moja. Nami niliamini kwa moyo wote kwamba tupo pale kwa ajili ya watu wa ng'ambo ya mlima, ambao mvua ilikuwa imewabomolea barabara.

Ng'ambo huko kulikuwa na mama mjamzito, uchungu siku ya pili. Muuguzi wa zahanati aliniita kwa redio jana yake jioni. Nilimwahidi safari ya alfajiri.

Rubani alirudi saa tatu na nusu. Huko juu alisubirishwa makochi yapangwe. Akatazama kipimajoto changu, akatikisa kichwa.

"Saa hizi siwezi. Nitaishia kwenye miamba."

"Si ungeyakataa?"

"Mdogo wangu, wewe ungekataa?"

Kamanda aliingia akichokoa meno kwa kijiti. "Binti, andika mawingu mazito tangu alfajiri."

"Afande, kulikuwa kweupe."

"Wewe ndiye macho yetu. Ukisema mawingu, ni mawingu." Akacheka, akanipiga begani kwa mkono uleule wa kijiti. "Bado uko kwenye majaribio ya kazi, eti?"

Niliandika. Mwandiko ulinyooka kama wa siku zote, na hilo sijajisamehe mpaka leo.

Redio ikakoroma. Muuguzi. "Dada wa hewa, mbona kimya?"

"Mawingu, dada. Alfajiri ilishindikana."

"Tuliiona helikopta, mdogo wangu. Ilipofika kileleni ilikuwa na kitu kikubwa chini yake. Mama wa watu akafurahi, akasema wanatuletea kitanda."

Alifariki kabla ya adhuhuri, na mtoto tumboni.

Jumamosi tulipandishwa kileleni kumsalimia mgeni. Chumba kizima kilinuka ngozi mpya na nailoni. Kamanda alikuwa amejilaza, viatu juu ya mkono wa kochi.

"Kaa, binti, usione haya. Nafasi tele."

"Asante, afande," nikasema. "Sijachoka."

Nikasimama saa mbili nzima.