Dola za Mama Jerop

Hapa Eldoret mtu mwenye akili akitaka dola haanzii benki. Anaanza kwa kuuliza ni nani amerudi majuzi kutoka kukimbia mbio ng'ambo. Wakimbiaji wetu hulipwa kwa dola, na wakifika nyumbani wanataka shilingi za kununulia ng'ombe na mabati. Ukikutana nao kabla hawajafika benki, wao wanapata zaidi kidogo, wewe unalipa kidogo, na kila mtu anaenda kwake akicheka.

Mimi Gichuru, muuza rangi na misumari wa Langas, sijawahi kulipa bei ya kwanza niliyotajiwa. Hata mahari ya Wanja niliomba nipunguziwe. Nayasema haya mapema ili usije ukatafuta mtu mwingine wa kulaumu.

Jicho la kulia la mke wangu lilikufa mwaka jana. Mwaka huu la kushoto likaanza kuona kiza pembeni. Daktari wa mjini akatueleza kwamba pazia la nyuma ya jicho linabanduka, na kwamba hospitali moja ya India inaweza kulirudisha kwa dola elfu tatu na mia mbili, ila haraka, kabla mwezi haujaisha. Kanisa likachanga, ndugu wakachanga, nami nikauza pikipiki. Tikiti zikakatwa, za Wanja na dada yake Wacera, siku kumi kwenda na kurudi. Ikabaki kutafuta dola.

"Baba Betty," Wanja akaniambia, "si uende tu benki? Ni siku nne zimebaki."

"Benki wanauza dola moja shilingi mia moja thelathini na moja," nikamjibu. "Hiyo ni ya watu hawana marafiki."

Nilimwendea Collins, kijana aliyekuwa amerudi kutoka mbio za ng'ambo wiki hiyo hiyo. Noti zake zilikuwa mpya kabisa, zina ule mstari wa buluu katikati. Akataka mia moja ishirini na nane, hataki kushuka. Nilimwona ana kiburi. Nikamwacha na dola zake.

Siku ya pili nikaelekezwa Cheptiret, kwa Mama Jerop. Mwanawe Stephen alikuwa akikimbia mbio Amerika miaka mingi iliyopita, na kila akirudi alimwachia mama yake noti kadhaa. Mama akaziweka kwenye sanduku la bati, chini ya vyeti vya watoto, hadi siku alipoamua kuchimba kisima. Alinikaribisha chai ya maziwa, kisha akaniletea noti zimefungwa kwa kitambaa. Zilikuwa za mia mia, safi, zimenyooka, na hazikuwa na mstari wa buluu.

"Lakini hizi ni za kitambo, Gichuru," akasema. "Stephen alinipea hata kabla hajaoa. Sijui kama zinasumbua."

Hayo aliyasema mwenyewe, bila kuulizwa. Nayasikia mpaka leo.

"Kama ni za kitambo, Mama, utaniuziaje bei ya mpya? Hata mtumba ukikaa sana hushuka bei."

"Kwani pesa nayo huzeeka?"

"Si wewe ndiye umesema?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka, na tukashuka hadi mia moja na kumi na tano. Nilikuwa nimebeba ile taa ya dukani ya kukagua noti bandia. Nikazimulika moja moja, thelathini na mbili, na uzi wa usalama ndani ya kila noti ukawaka vizuri. Zote zilikuwa halali. Sikuwa na swali lingine.

Niliokoa elfu hamsini na moja. Niliimba njia nzima hadi Langas. Nyingi niliziingiza dukani nikaagiza rangi, na kwa kuwa Wacera alikuwa amesikia ndani ya ndege kuna baridi kali, nikamnunulia Wanja koti jekundu lenye vifungo vikubwa. Alilivaa palepale, akageuza uso ili jicho la kushoto lifikie kioo.

"Hili jekundu ni jekundu kweli," akasema. Alikuwa amefurahi kama msichana.

Siku ya pili baada ya kufika India, Wacera akapiga simu.

"Shemeji, keshia amezirudisha zote. Anasema ni za zamani sana, wanataka zile ziko na mstari."

"Mwambie ni halali! Nilizipima mwenyewe!"

"Anajua ni halali. Anasema hata benki yao haizichukui."

Walizunguka maduka ya kubadilisha pesa kwa siku mbili, mmoja akimshika mwenzake mkono. Wengi walikataa. Mmoja alikubali kuzichukua kwa nusu, na nusu haikutosha kufungua hata mlango wa chumba cha upasuaji. Nilimpigia Mama Jerop. Alikuwa ameshampa mchimba kisima pesa zote. Alilia kuliko mimi, akauza mtamba wake siku hiyo hiyo bila mimi kumwomba, akanitumia. Nikauza ile rangi na kila kilichokuwa dukani kwa bei ya hasara, bila kubishana na mtu, mara ya kwanza maishani mwangu, na zilizopungua nikakopa. Siku ya sita nikawatumia pesa kupitia benki, ile benki ya watu hawana marafiki, na siku ya nane zikafika.

Daktari wa huko akalitazama jicho tena. Akamwambia Wacera kwamba siku walipofika lilikuwa jicho la kupasuliwa, sasa si la kupasuliwa tena.

Niliwapokea uwanja wa ndege. Wanja hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, ningejua pa kushika. Alinipa bahasha ya noti thelathini na mbili na kuniambia nizirudishe kwa mama wa watu, kwa sababu ni ukumbusho wa mtoto wake.

Jumapili iliyofuata aliamka mapema, akaoga, akasema anaenda kanisani kuwashukuru waliochanga. Nilimsikia chumbani akipapasa nguo zilizotundikwa. Akatoka amevaa koti jeusi la Betty, binti yetu, limefungwa vifungo vyote hadi shingoni.

"Baba Betty," akasema, uso wake ukiwa umeelekea dirishani, "nimetokea vipi na koti lako jekundu?"

Betty alikuwa mlangoni. Alifungua mdomo, nami nikamwekea kidole anyamaze.

"Umependeza," nikasema. "Twende, tutachelewa."